Umeumia kazini, kisha ukaachishwa kazi: fuata hatua hizi

Kwenye dawati letu la msaada wa kisheria swali huwa lilelile: "Nimeshafukuzwa, fidia nitamdai nani?" Kwa Tanzania Bara, unaidai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Uliumia ukiwa mwajiriwa, na barua ya kuachishwa iliyokuja baadaye haifuti ajali. Ila una madai mawili yanayokwenda ofisi mbili: la fidia WCF, na la kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Hili la pili ndilo lenye muda mfupi, na ndilo watu hulisahau.

Hatua ya 1: Taarifa
Mwambie mwajiri mara moja, kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp kwa msimamizi ukitaja siku, saa na mashine ni bora kuliko maneno matupu. Mwajiri anatakiwa kuijulisha WCF ndani ya siku 7 tangu apate habari. Akinyamaza, peleka taarifa mwenyewe. Na akikuambia "ulikuwa mzembe", usinywee: uzembe wa kawaida haukunyimi fidia.

Hatua ya 2: Hospitali
Sema wazi kwamba umeumia kazini, na uone daktari ameandika hivyo. Faili likisomeka "ameanguka" tu, bila kutaja wapi, umeshajipa kazi ya ziada. Ajali ikiwa ya barabarani, chukua PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, polisi. Piga picha kila karatasi. Kama huna mkataba wa maandishi, tunza slipu za mshahara au hata meseji za mishahara iliyoingia kwenye simu.

Hatua ya 3: CMA, ndani ya siku 30
Hapa ndipo wengi huteleza, wakisubiri kidonda kipone kwanza. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, kwa fomu namba 1 ya Tume. Kufungua hakuna ada. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Siku zikikupita ukiwa wodini, omba kuongezewa muda na uambatishe karatasi za kulazwa.

Hatua ya 4: Madai WCF
Una miezi 12 tangu ajali. Mfuko hulipia matibabu, na ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda, asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu ukibaki, madaktari huutathmini kwa asilimia. Ukizidi 30, unalipwa pensheni ya kila mwezi. Ukiwa 30 au chini, unalipwa kwa mkupuo. Tuseme fundi seremala wa mshahara wa 400,000 amepoteza kidole na kupewa asilimia 10. Asilimia 70 ya mshahara ni 280,000. Zidisha kwa 84, namba ya kanuni ya malipo ya mkupuo, kisha chukua asilimia 10. Anapata shilingi 2,352,000.

Hatua ya 5: Karatasi ya "tumemalizana"
Usiisaini kabla msaidizi wa kisheria au chama cha wafanyakazi hakijaisoma. Huyo fundi akiletewa bahasha ya laki tatu, aulize kwanza ni ya nini: mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo, au kidole? Jibu liandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, naye abaki na nakala.