Kutambua na Kurejesha Nishani za Marehemu Baba Zilizopotea

Anza na cheti chake cha kuondoka jeshini, kwa kuwa humo huandikwa namba ya utumishi, kikosi na mara nyingi nishani alizotunukiwa. Kikikosekana, tafuta picha yake akiwa amevaa sare, uikuze na kuchunguza tepe za nishani, yaani vitambaa vidogo vya mistari ya rangi vinavyowakilisha nishani, zilizo juu ya mfuko wa kushoto, maana mpangilio wa mistari ndio unaoitambulisha nishani, ingawa picha isiyo ya rangi hudanganya. Ambatisha nakala hizo na cheti cha kifo pamoja na cha kuzaliwa kwako, kisha uiandikie idara ya kumbukumbu za jeshi alilolitumikia.

Jalada lake la utumishi linaweza kukosekana: nchini Marekani, moto wa mwaka 1973 katika kituo cha kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Ukiuziwa nishani mitaani, itazame ukingoni kwanza. Huenda imechongwa jina la askari mwingine.