Ukikuta tundu kwenye mfumo wa watu

Vijana wanaokuja kibandani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, kujifunza ufundi wa simu na laptop huniuliza mapema sana: dada, kudukua kunafanywaje? Nawafundisha kwa moyo mmoja, kwa sababu naamini mtu ana haki ya kuelewa mashine inayoendesha maisha yake. Ila naanza na hili: utafanya nini ukishaona usichotakiwa kukiona?

Tuseme umelipa marejesho ya saccos, ukatumiwa linki ya risiti inayoishia na 4817. Ukaandika 4818, mara ikafunguka risiti ya mama mmoja wa Igoma: jina, namba ya simu, deni alilobakiza. Simama hapo hapo, usijaribu 4819. Risiti moja imeshathibitisha tundu. Ya pili ni kuchungulia, na kuandika programu ya kuzivuta zote ni wizi, hata usipouza kitu. Wengi huteleza hapa, maana hamu ile ile iliyowafikisha ndiyo inawasukuma waendelee. Funga ukurasa. Andika daftarini tarehe, saa na ulichobadilisha. Skrinishoti usipige, ina jina la mtu.

Mpaka huu si wa kwangu. Mwaka 1984 mwandishi wa habari Steven Levy aliziandika kanuni za wadukuzi wa mwanzo wa chuo cha MIT, Marekani: taarifa ziwe huru, na mtu apimwe kwa kazi yake, si kwa vyeti, umri, rangi wala cheo. Hiyo ya pili naipenda kupita zote, kwani nimewaona mafundi hodari ambao hawakufika kidato cha nne. Ile ya kwanza ilihitaji nyongeza, nayo ilitoka Ujerumani, kwa Chaos Computer Club iliyoanzishwa Berlin mwaka 1981: data za umma zitumike, data za mtu binafsi zilindwe. Deni la yule mama ni lake.

Sasa mwandikie mwenye mfumo, faragha, si kwenye grupu la WhatsApp la wanachama:

"Ndugu Mwenyekiti, habari za kazi. Mimi ni mwanachama wenu. Nikibadilisha namba ya mwisho kwenye linki ya risiti, inafunguka risiti ya mtu mwingine. Nimeona moja tu na sijaihifadhi. Fundi wenu akinihitaji, nitamweleza."

Usitaje malipo hata kwa kudokeza, itasomeka kama vitisho. Na usitegemee nia njema ikuokoe: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo kinyume cha sheria, na cha 5 kinakataza kubaki ndani.

Kisha wape muda. Kikosi cha Project Zero cha Google, kinachosaka matundu kwenye programu, kwa kawaida hutoa siku 90 kabla ya kutangaza undani wa udhaifu. Mwenyekiti akinyamaza, mkumbushe kwa maandishi. Akiendelea kunyamaza, peleka taarifa TZ-CERT, kikosi cha taifa cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kama mikono inawasha, weka Linux, mfumo endeshi wa bure, kwenye laptop kuukuu na upakue Juice Shop ya OWASP, shirika la usalama wa programu: duka la mtandaoni lililojengwa na matundu makusudi. Inapatikana bure, na ikishakaa kwenye mashine yako unaivunja usiku kucha bila kumgusa mtu.

Tundu likishazibwa, andika somo lake bila jina la saccos, uwape wengine bure. Waeleze wajenzi wa mifumo kwamba kabla ya kuonyesha risiti, seva ihakikishe kila mara kwamba aliyeingia ndiye mwenye hiyo risiti. Namba ndefu zisizokisika husaidia, lakini hazichukui nafasi ya ukaguzi huo.