Kufunga sabufa kwenye spika ndogo za mezani

Nahariri video za harusi na sendofu chumbani kwangu Nkuhungu, Dodoma. Spika zangu mbili za kompyuta zina koni za inchi tatu, na zilinitia aibu. Sisikii besi, naongeza. Siku video inachezwa ukumbini, ngoma za Kigogo za muheme zikawa ngurumo tupu, sauti za akina mama wanaozipiga zimemezwa. Ndipo nikatafuta sabufa.

Mtaani ukisema sabufa watu wanaelewa redio nzima na spika zake. Hapa nasema lile boksi la besi peke yake, lenye waya wake wa umeme.

Zima kila kitu kwanza. Angalia nyuma ya spika zako: kama kuna tundu limeandikwa SUB OUT, una bahati, waya mmoja wa RCA, ule wa pini ya duara kama wa deki ya DVD, unamaliza kazi. Zangu hazina. Nilinunua waya wa kugawa, kichwa kimoja mikia miwili, nikachomeka kwenye tundu la kijani la kompyuta. Mkia mmoja unaenda kwenye spika, mwingine kwenye pini nyekundu na nyeupe za sabufa. Ubaya wake: kitufe cha sauti cha spika hakiigusi sabufa, kwa hiyo sauti utaipandisha na kuishusha kwenye kompyuta. Ule waya unaotoka spika ya kulia kwenda ya kushoto usiuguse. Sauti yake imeshakuzwa, utaunguza sabufa.

Ukiwasha ukasikia mvumo, chomeka spika na sabufa kwenye ekstensheni moja. Usikubali fundi akushauri kukata waya wa arthi.

Sasa kazi yenyewe. Weka sabufa kwenye kiti unachokalia, ndiyo, juu ya kiti, piga wimbo wenye besi, halafu wewe chuchumaa utembee kando ya kuta. Mahali utakaposikia kila pigo la besi limejitenga na lenzake, hapo ndipo pa kuiweka. Mimi nilianza na kona kwa sababu palikuwa wazi: besi ikavimba, bati likaanza kulia, mama mwenye nyumba akagonga mlango. Sasa iko chini ya meza, upande wa kushoto.

Kitufe cha krosova, kinachoamua besi ya sabufa iishie juu kiasi gani, anzia Hz 120, maana spika ndogo hivi huko chini hazifiki. Shusha taratibu, ukiona sauti ya mwanamume inatokea sakafuni, bado uko juu sana. Swichi ya fezi, inayofanya koni ya sabufa isukume pamoja na za spika au kinyume chake, jaribu 0 na 180 ukiwa umekaa, chagua yenye besi iliyojaa. Sauti ya sabufa ipandishe hadi uisikie, kisha irudishe kidogo.

Ndala mbovu nilizikata vipande vinne nikaviweka chini ya boksi. Sakafu haitikisiki tena hadi chumba cha pili.