Jinsi ya kufuatilia bei za mtandaoni bila kulipia chochote, ukiwa Lamu

Punguzo la asilimia 40 peke yake halikwambii kitu. Asilimia 40 ya bei ipi, na bei hiyo ilitozwa lini? Muuzaji anaweza kuandika tarakimu yoyote akaikata mstari, kisha chini yake akaweka bei ile ile aliyokuwa akiuzia tangu Agosti. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, anayetangaza punguzo anatakiwa aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia bidhaa hiyo ndani ya siku 30 zilizotangulia. Huku kwetu Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi, lakini rekodi ya bei za mwezi uliopita hakuna atakayekuwekea. Utajiwekea mwenyewe, na vya kukusaidia vipo vya bure.

Mimi hapa Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, huwaagizia watu vitu: wenye nyumba za wageni kule Shela, mafundi wa milango ya kuchonga, wauza samaki wanaohitaji friza. Mwongozo huu ni jinsi ninavyofanya. Unamfaa pia mtu wa Malindi, ila yeye hana boti ya kulipia.

Hatua ya 1: Andika modeli kamili

Usifuatilie "friza ya lita 200". Fuatilia modeli moja yenye herufi na namba zake zote, kama zilivyo kwenye kibandiko cha nyuma. Herufi moja tu mwishoni huweza kubadilisha ujazo, rangi au aina ya plagi, na bei mbili za vitu viwili tofauti hazilinganishwi.

Hapa hapa uliza umeme. Fundi mmoja alinijia na picha ya drili ya betri aliyoiona Amazon ya Marekani.

"Kijana wangu, hii mbona bei yake kama ya bure?"

"Mzee wangu, chaja yake ni ya volti 120. Hapa ukutani zinatoka 240."

Yako machaja yanayokubali zote mbili, na hayo huandikwa 100–240V ubavuni. Kama maandishi hayo huyaoni kwenye picha ya bidhaa, hamia Amazon ya Uingereza, ambako umeme na plagi ya pini tatu ni kama zetu. Kufuatilia bei ya kitu kitakachoungua siku ya kwanza ni kupoteza bando.

Hatua ya 2: Jua kifaa gani kinaona duka gani

Hapa ndipo wengi hukwama. Ukitafuta mtandaoni vifaa vya kufuatilia bei, majina mawili yatakujia kwanza: Keepa na CamelCamelCamel. Ni vizuri sana, lakini vyote viwili vinaangalia Amazon tu. Jumia havioni, Kilimall havioni. Kwa hiyo gawa orodha yako mafungu mawili: vya Amazon, na vya maduka ya hapa Kenya. Kila fungu lina njia yake.

Chrome nayo ina kitufe chake cha kufuatilia bei, lakini kupatikana kwake hutegemea nchi na duka. Ukikiona kwenye upau wa anwani, kiwashe. Usipokiona, usijisumbue kukitafuta.

Hatua ya 3: Vya Amazon

Fungua camelcamelcamel.com, bandika kiungo cha bidhaa kwenye kisanduku cha kutafutia, na grafu ya bei itatokea. Mstari wa kijani ni bei ya Amazon wenyewe, wa buluu ni wauzaji wengine wanaouza kipya, mwekundu ni kilichotumika. Kwenye Keepa rangi ni nyingine: chungwa ni Amazon, buluu ni wauzaji wengine wa vipya, nyeusi ni kilichotumika. Usizichanganye, maana buluu ikishuka haimaanishi Amazon wameshusha. Huenda ni muuzaji mdogo aliyeweka bei ya chini kisha akakulipisha usafirishaji mara mbili.

Ukiisoma grafu, usitazame ncha ya chini kabisa tu. Bei iliyoguswa saa chache mwaka juzi hairudi kwa sababu wewe unaisubiri. Tazama ni bei gani ya chini inayojirudia. Kama kila baada ya miezi kadhaa inatelemka hadi dola 79 kisha inapanda, basi 79 ndiyo bei yako. Weka arifa hapo, au dola moja juu yake, na barua pepe itakuita.

Kwenye simu, Chrome ya Android haipokei viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari. Firefox ya Android inapokea. Ama acha viendelezi kabisa, ubandike kiungo kwenye tovuti zenyewe. Kwa mwenye bando dogo hiyo inatosha.

Hatua ya 4: Vya Jumia, Kilimall na wengineo

Huku hakuna grafu iliyoandaliwa, kwa hiyo unamweka mlinzi anayekodolea macho ukurasa wenyewe. Distill ndiyo ninayotumia zaidi, na Visualping hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Zote zina mpango wa bure wenye mipaka.

Kwa Distill kwenye kompyuta: weka kiendelezi, fungua ukurasa wa bidhaa, bofya ikoni yake, kisha chagua kufuatilia sehemu ya ukurasa badala ya ukurasa mzima. Peleka kielekezi juu ya bei yenyewe, kisanduku kitaizunguka, bofya, hifadhi. Hakikisha umeishika bei inayolipwa sasa, siyo ile iliyokatwa mstari, kwani zimekaa karibu karibu. Ukichagua ukurasa mzima utasumbuliwa usiku na mchana: "zimebaki 3," tangazo limebadilika, mtu ameongeza maoni. Baada ya hapo weka sharti: niarifu tarakimu ikiwa chini ya 33,000 tu.

Kuna jambo moja la kuelewa kuhusu mpango wa bure. Ukaguzi unaofanyika kwenye mashine yako huendelea pale tu kompyuta na kivinjari vimewashwa. Unaofanyika kwenye seva zao, yaani kompyuta zao wenyewe, huendelea hata umeme ukikatika Amu nzima, lakini nafasi zake ni chache. Mimi nafasi hizo nawapa vitu vya pesa nyingi, friza na betri za sola. Feni na taa zinabaki kwenye mashine.

Kwa anayejua kuendesha programu mwenyewe, changedetection.io ni ya chanzo huria. Ukiiweka kwenye kompyuta yako hulipi kitu na hakuna wa kukuhesabia kurasa. Kwa mtu wa vitu viwili vitatu, huo ni mzigo wa bure.

AliExpress ni kesi ya peke yake. Bei unayoiona inaweza kuwa ya mteja mpya, ya kuponi, au ya programu ya simu tu. Fungua kiungo kwenye dirisha la faragha, bila kuingia kwenye akaunti, ulinganishe kabla ya kuamini punguzo lolote.

Hatua ya 5: Tafuta bei za nyuma

Umeanza kufuatilia leo, lakini unataka kujua Septemba iliuzwaje. Nenda web.archive.org, bandika kiungo cha bidhaa, uone kama nakala za zamani zipo. Kwa bidhaa za Kenya mara nyingi hazipo. Zikiwepo, ni ushahidi usiobishaniwa. Kisha tazama tarehe za maoni ya wanunuzi, maana wengine huandika walinunua kwa shilingi ngapi.

Hatua ya 6: Jedwali la bei ya mlangoni

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayorukwa. Fungua Majedwali ya Google, weka safu hizi: tarehe, duka, bei, usafirishaji, nauli ya mwisho, jumla. Jaza mara moja kwa wiki, kwa mkono. Ipo fomula ya kuvuta bei yenyewe kutoka kwenye ukurasa, IMPORTXML, lakini maduka mengi huizuia au hupakia bei kwa namna ambayo fomula haiioni. Dakika tano za mkono zinashinda jioni nzima ya kupigana nayo.

Kwa vitu vya dola, seli moja iandike hivi:

=GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USDKES")

Itakupa kiwango cha ubadilishaji. Usidharau. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ule ule ilikuwa karibu na 130. Kitu cha dola 100 kilishuka kwa shilingi 3,000 hivi bila muuzaji kukipunguza hata senti. Halafu ongeza ushuru: forodha ya Afrika Mashariki kwa vitu vingi ni asilimia 0, 10, 25 au 35 kulingana na bidhaa, VAT ni 16, na bado kuna tozo ndogo ndogo za uagizaji. Ofa nyingi za nje hufia kwenye safu hii.

Sasa safu ya nauli ya mwisho. Tuchukue friza kwa mfano. Duka la kwanza linasema 34,800, "punguzo la asilimia 40 kutoka 58,000". La pili linasema 36,500 bila mbwembwe yoyote. La kwanza linaishia kituo cha kuchukulia mzigo Malindi. Kutoka hapo kuna basi la kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, wapakiaji wa gatini, boti ya kuvuka, hamali wa jetini, na kama nyumba iko ndani ya mitaa, punda au mkokoteni, kwani gari haliingii. Ulizia kila kipande kabla hujalipa, hasa basi, ambalo kwa friza hutoza kwa kutazama ukubwa wake na kutazama uso wako. Kama kipande cha Malindi hadi Mokowe peke yake kinapita shilingi 1,700, na duka lisilo na mbwembwe linakufikishia hadi Mokowe, basi hilo ndilo la rahisi. Hakuna kifaa cha kufuatilia bei duniani kitakachokuonyesha hilo, ndiyo maana jedwali ni lako.

Ukishajaza wiki kadhaa, itafute jumla ndogo kuliko zote kwa fomula ya =MIN. Hiyo ndiyo bei ya kupambana nayo Novemba, wakati wa mauzo ya Black Friday na ya 11.11 (tarehe 11 Novemba) ya AliExpress. Wenye nyumba za wageni huwa wanataka vitu kabla ya wageni wa Disemba, kwa hiyo mimi jedwali naliamsha mwezi wa nane. Anayeanza kufuatilia Novemba yenyewe ataona bei za Novemba tu.

Hatua ya 7: Funga milango ya viendelezi

Kiendelezi cha bure kinalipwa na mtu. CamelCamelCamel hupata kamisheni ukinunua Amazon kupitia viungo vyake, na wanasema wazi. Honey, kile cha kuponi, PayPal ilikinunua kwa takriban dola bilioni 4 na kukamilisha mwanzoni mwa 2020. Mwisho wa 2024 kikalaumiwa hadharani kwamba kinajitwalia kamisheni za watengenezaji video waliomleta mnunuzi. Siwakatazi kukitumia. Nasema jua kinakula wapi.

Kwenye Chrome, bofya kulia ikoni ya kiendelezi, na mahali pa ruhusa za tovuti chagua kisome ukurasa pale tu unapokibofya, au kwenye tovuti moja tu uliyoitaja. Kiendelezi cha Amazon hakina haja ya kusoma ukurasa wa benki yako. Na kinachodai nywila ya barua pepe yako kiondoe hapo hapo.

Hatua ya 8: Baada ya kununua

Piga picha ya skrini yenye bei, modeli na tarehe siku ya kulipa. Arifa usiifute mara moja. Iache hadi muda wa kurudisha bidhaa uishe, maana ikishuka sana ndani ya siku hizo unaweza kuuliza kama wanarudisha tofauti, au ukarudisha kitu chenyewe. Kwa kitu kidogo, hesabu tu nauli ya kukipeleka. Friza iliyokwisha kupanda ngazi za nyumba ya Amu hairudi kokote, kwa hiyo arifa yake ifute siku hiyo hiyo na nafasi ya seva umpe betri ya sola.