Maktaba ya shule bila bando kwa Raspberry Pi: anza na umeme

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wawili wa sekondari moja ya Kibosho, juu kidogo ya Moshi, walionipigia simu na maswali yaleyale mpaka nikaona heri niyaweke pamoja. Wanataka wanafunzi wasome Wikipedia ya Kiswahili na masomo ya sayansi kupitia simu na kompyuta za maabara bila kununua bando. Kwa kazi hiyo, Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja inayoenea kiganjani, inatosha na kubaki.

Hatua ya 1: Bodi

Chukua Raspberry Pi 4 ya GB 2. Raspberry Pi 5, iliyotoka 2023, ina kasi zaidi, lakini chaja yake inayopendekezwa ni ya volti 5 na ampea 5, na chaja nyingi za simu za madukani hazitoi kiasi hicho kwa volti 5. Zero 2 W ni ya bei ndogo, ila RAM yake ni MB 512 tu na haina tundu la waya wa mtandao. Bodi za kampuni nyingine, kama Orange Pi, kwa vyuma hazina ubaya. Siziwekei shule kwa sababu siku mfumo ukigoma, maelezo ya kujisaidia ni machache.

Moshi mara nyingi utaagiza Dar, kifurushi kikapanda basi. Walio Arusha wapo wanaotuma mtu Nairobi kupitia Namanga. Bodi ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35, na watu bado wanaitaja bei hiyo kana kwamba nauli, kodi na faida ya muuzaji havipo. Kama shida yako ni kuchapa mitihani na barua, nunua laptopu ya mtumba. Ukishajumlisha skrini, kibodi, kipanya na chaja, bodi inapoteza unafuu wake. Bodi inafaa kwa kazi ya kuwaka kutwa bila mtu kuigusa: maktaba kama hii, kuonyesha bei kwenye TV ya mgahawa, kurekodi kamera ya geti.

Hatua ya 2: Umeme

Hapa msiruke hata mstari. Bodi ya Kibosho ilikuwa inajizima na kuwaka yenyewe kila wanafunzi wakizidi. Kadi ya kumbukumbu (microSD) inayobeba mfumo ikabadilishwa, mfumo ukaandikwa upya, mchana mzima ukaisha. Kumbe mchawi alikuwa waya wa chaja.

Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Volti zikishuka chini ya kama 4.63, inapunguza kasi kujilinda, na zikizidi kushuka inazima. Sasa piga hesabu: chaja inatoa volti 5 kamili, waya mwembamba una ukinzani wa omu 0.3, bodi inavuta ampea 1.5. Volti 0.45 zinapotelea njiani, bodi inapata 4.55. Chaja inaweza kuwa nzima kabisa, imeandikwa 3A, na bado ukaumia. Nunua chaja ya Raspberry Pi yenyewe, ambayo waya wake hauchomoki, na uweke chaja za simu kando. Hata ile ya "fast charge": kasi yake mara nyingi inatokana na kupandisha volti hadi 9 au 12 baada ya kuelewana na simu, na bodi hii haina mazungumzo hayo.

Bodi ikikaa kabatini bila skrini, onyo la umeme mdogo hutaliona. Mfumo ukishawekwa (Hatua ya 3), andika hivi kwenye dirisha la amri (terminal) la bodi:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu likiwa `0x0`, uko salama. `0x50000` maana yake umeme ulishuka wakati fulani tangu bodi iwake. `0x50005` maana yake unashuka sasa hivi unaposoma. Pima wakati wanafunzi wanatumia, kwa sababu bodi ikiwa haina kazi itakudanganya kwamba mambo ni mazuri.

Halafu kuna kukatika. Masika Kibosho umeme unaweza kwenda na kurudi mara kadhaa kabla ya chai ya saa nne, na umeme ukikatika kadi ikiwa inaandikwa, mfumo unaharibika. Powabenki si dawa: nyingi hukata sekunde moja zinapohama kutoka ukutani kwenda kwenye betri, na sekunde hiyo inatosha. Vile vibetri vya kushikilia rauta, angalia tundu la USB, mara nyingi linatoa ampea 1 au 2 tu. Shule yenye sola ina bahati: betri ya volti 12 na kigeuzi cha kushusha hadi volti 5, kilichoandikwa ampea 5. Kilichoandikwa 3 kitachemka.

Hatua ya 3: Kadi na mfumo

Kadi ya GB 64 ya kampuni inayojulikana. Ijaribu kwanza kwa programu ya H2testw, maana zipo zinazoandikwa GB 128 na ndani zina 8. Andika mfumo kwa Raspberry Pi Imager, na kwenye mipangilio weka nchi ya waifai kuwa TZ na jina la mtumiaji kuwa `mwalimu`.

Hatua ya 4: Vitabu

Kiwix ni programu ya kusoma Wikipedia na vitabu bila intaneti, na vitabu vyake hufungashwa kwenye faili za ZIM. Pakua faili hizo kutoka library.kiwix.org kwenye mtandao wa mtu mwenye roho nzuri. Flashi ya kuzibebea ifomatiwe kwa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Zinakili kwenye folda `/home/mwalimu/zim` ya bodi. Kisha:

`sudo apt install kiwix-tools`
`kiwix-serve --port=8080 /home/mwalimu/zim/*.zim`

Mstari wa pili uweke pia kwenye `crontab -e`, ukiutanguliza na `@reboot`, ili ujianzishe kila bodi ikiwaka. PDF Kiwix haizisomi zilivyo.

Hatua ya 5: Waifai

`sudo nmcli device wifi hotspot ssid Maktaba password maktaba2468`
`sudo nmcli connection modify Hotspot connection.autoconnect yes`

Nywila badilisha. Wanafunzi walioingia kwenye waifai hii wafungue `http://10.42.0.1:8080`. Simu italalamika kwamba hakuna intaneti na kurudi kwenye data, kwa hiyo wazime data kwanza. Darasa zima msilitegemeze kwenye antena ya bodi. Unganisheni kompyuta za maabara kwa waya na rauta ya zamani.

Hatua ya 6: Funga kadi

Hii iwe ya mwisho. `sudo raspi-config`, Performance Options, Overlay File System, kubali, washa upya. Kuanzia hapo hakuna kinachoandikwa kwenye kadi, na umeme ukikatika mfumo unabaki kama ulivyouacha. Mkitaka kuongeza vitabu, zimeni Overlay, washeni upya, nakilini, kisha mrudishe. Tarehe ikionekana ya zamani msishtuke: Pi 4 haina betri ya saa, na bila intaneti haina pa kuulizia.

Mkimaliza, zimeni swichi kuu ya maabara makusudi huku mtu anasoma, kisha washeni. Ukurasa ukirudi wenyewe bila mtu kugusa bodi, fungeni kabati.