Kusafiri kwa Gari na Mtoto Mdogo kutoka Dodoma hadi Iringa

Barabara ya Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera ina urefu wa takribani kilomita 260, na mtu mzima asiye na mtoto huimaliza kwa muda wa saa nne hivi. Ukiwa na mtoto wa miaka mitatu au minne, tenga saa sita au saba, kwa sababu raha ya safari hii imo katika kushukashuka njiani, na mzazi anayeendesha huku akitazama saa huikosa hata kabla hajafika Mpunguzi, karibu tu na Dodoma.

Ondokeni saa 12 asubuhi kabla joto halijapanda. Mtoto afungwe mkanda katika kiti chake maalumu, kwenye siti ya nyuma. Kumpakata, hata kama anayempakata ni bibi yake, hakumkingi gari linapofunga breki ghafla. Mimi hukiweka kiti hicho upande wa kushoto, ili tunaposimama mtoto ashukie pembeni mwa barabara na si upande yanakopita magari. Kasoro yake ni kwamba, kwa kuwa mnaelekea kusini, jua la asubuhi huingia kwa dirisha hilohilo. Pitisha ukingo wa kanga juu ya kioo, kisha pandisha kioo kiibane. Binti yangu, ambaye hajajua kusoma, hulitazama jina la kanga lililoning'inia mbele yake na kutusomea maneno anayoyatunga mwenyewe, tofauti kila safari.

Simameni kila baada ya saa moja na nusu, nje kabisa ya lami, ikiwezekana chini ya mbuyu. Mwacheni mtoto aupime kwa kuuzunguka mkishikana mikono. Mbuyu mmoja tuliosimama karibu na Fufu ulituhitaji watu wazima wanne pamoja na yeye, na alijivuna kwamba bila yeye mikono isingefikiana. Vijijini, ambako mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, ndipo mahali pa vitendawili na pa kuhesabu punda waliobeba madumu ya maji.

Kuleni chakula kikuu kwenye Bwawa la Mtera. Bwawa hilo, linalokusanya maji ya Ruaha Mkuu na Kisigo, lipo bondeni penye joto kali, na perege wa kukaanga hupatikana hapo. Mchambulie mtoto samaki kwa vidole, kwani mwiba mdogo hauonekani kwa macho. Msimwache asogee majini peke yake, maana mamba na viboko wamo. Wala msimwache garini hata kwa dakika chache, vioo viwe vimeshushwa kiasi gani.

Pumzikeni angalau nusu saa kabla ya kuondoka, kwa kuwa mbele kuna kona za mlima Nyang'oro, na tumbo lililojaa huwa halizistahimili. Simu ifichwe, mtoto atazame mbali mbele, na mfuko wa kutapikia uwe karibu na mkono wako. Iringa ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni au Julai baridi huanza kuingia garini mkiwa bado mnapanda. Kwa hiyo sweta lake likae juu kabisa ya begi, si chini ya nguo zote, maana atalidai kabla hamjapata pa kusimama.