Somo: Mmeishi kinyumba, sasa mnaachana. Uanzie wapi?

Wapendwa, wiki hii mama mmoja wa Pasua, hapa Moshi, kaniletea karatasi waliyosaini na mwenzake mbele ya balozi wa nyumba kumi: yeye kitanda, jiko na watoto, mwanamume nyumba. Miaka tisa! Imeniuma. Mamlaka ya kuvunja ndoa na kugawa mali ni ya mahakama, si ya karatasi ile.

Kwanza, usikubali kuitwa hawara. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume, mnadhaniwa kuwa na ndoa. Dhana hiyo inaweza kupingwa, kwa hiyo andaa mashahidi: majirani, mwenye nyumba wenu wa zamani. Ila kama mwenzako ana ndoa ya kanisani na mwingine haijavunjwa, dhana hiyo haisimami.

Pili, Baraza la Usuluhishi la kata. Mwenye ndoa ya cheti akitaka talaka lazima awe na hati ya baraza kuwa usuluhishi umeshindikana, isiyozidi miezi 6 siku anapofungua shauri. Mlioishi pamoja bila cheti, nawashauri nanyi mpite hapo.

Tatu, mchango wako, na hapa ndipo wengi huangukia. Yule mama alidhani hana kitu. Tukafungua mfuko wake wa rambo: risiti za saruji, daftari la kikoba, picha akiwachotea mafundi maji. Huo ni ushahidi! Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani inatambua kazi za nyumbani kuwa mchango.

MASWALI

Shikamoo mama. Tumejenga kwenye kihamba cha baba mkwe. Napata?
Marahaba mwanangu. Kihamba ni shamba la ukoo, usikigombanie. Dai jasho lako kwenye nyumba, kwa thamani yake.

Baba watoto anasema hatuna cheti, hatoi matunzo.
Sheria ya Mtoto ya 2009 haiulizi cheti. Mtoto ni wake, atamtunza. Anzia ustawi wa jamii, akikaidi, mahakamani.

Dada, wangu ameshaleta madalali kuangalia nyumba.
Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Kesho asubuhi nenda ofisi ya ardhi uweke zuio, na mwenyekiti wa mtaa mwambie leo hii.